Mtoto wa mpakani na somo la ramani: Majina ya maeneo hubadilika, watu ni walewale

Majuzi nilikuwa nyumbani Khunyangu, katika Kaunti ya Busia. Jioni moja mpwa wangu aliye Gredi ya Nne alinijia na daftari lake la Masomo ya Jamii. Mwalimu alikuwa amewaagiza wachore ramani ya kaunti yao, waonyeshe majirani wa kila upande, kisha waorodheshe kaunti ndogo na idadi ya watu wake. Kaskazini na mashariki alikuwa ameandika Bungoma na Kakamega. Kusini aliandika Siaya. Ziwa alikuwa amelitia rangi ya samawati. Upande wa magharibi ulikuwa mtupu.

"Khotsa," akaniuliza, kwa jina tunalomwitia mjomba, "hapa magharibi niandike kaunti gani?"

Nikamwambia huko hakuna kaunti yetu, kuna nchi nyingine, Uganda. Akanikazia macho. "Si huko ndiko kwa kukhu wa Bugwe?"

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Kukhu anayemtaja, yaani nyanya yake, kwangu ni senge, dada ya baba, aliyeolewa upande wa pili wa mpaka kabla sijazaliwa. Swali la mtoto huyo nililiuliza mimi mwenyewe miaka mingi iliyopita, na jibu nililopewa lilikuwa mstari wa kalamu nyekundu. Ndiyo maana wiki hii naomba tuizungumzie lugha ya somo hili: majina tunayoyapa maeneo ya nchi, takwimu tunazowakaririsha watoto, na historia ambayo aghalabu tunaiacha nje ya darasa.

Mwaka 1986 nilikuwa darasa la nne. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza mwaka mmoja tu kabla, na somo la jiografia, historia na uraia tulilijua kwa herufi tatu, GHC. Mtaala ulipangwa kama viduara vya maji baada ya jiwe kutupwa kidimbwini: kwanza nyumbani na shuleni, kisha wilaya, mkoa, Kenya, Afrika Mashariki, Afrika, na mwisho dunia nzima. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini mdomo wa mwalimu ulikuwa wa Kiswahili, na pale mambo yalipokaza ulikuwa wa Kimarachi.

"Wilaya za Mkoa wa Magharibi ni ngapi?"

"Tatuuu!"

"Zitajeni!"

"Kakamega, Bungoma, Busia!"

Takwimu zilikuwa za sensa ya 1979. Kakamega watu 1,030,887, Bungoma 503,935, Busia 297,841. Tulizikariri kama tulivyokariri jedwali la kuzidisha, bila kujua nani aliwahesabu watu hao, kwa nini, wala kama sisi wenyewe tulikuwamo.

Halafu tukaambiwa tuchore ramani ya kwetu. Nikachora boma letu, soko, kanisa, kisima, na njia ya kwenda kwa senge. Njia hiyo niliijua vizuri kuliko njia ya Kakamega, makao makuu ya mkoa, ambako sikuwa nimewahi kufika. Mwalimu akakata nyumba ya senge kwa wino mwekundu na kuandika pembeni: "Hii si Kenya." Hakuwa mtu mbaya. Ila mtaala ulikuwa umempangia Uganda miaka miwili mbele, katika sura ya Afrika Mashariki, na mimi nilikuwa nimeileta mapema. Nilirudi nyumbani nikiamini kwamba senge ameondolewa kwenye ukoo.

Turudi nyuma zaidi basi, tuone huo mstari ulitoka wapi.

Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya Uganda mwaka 1894. Kwa miaka kadhaa baadaye, nchi yote hii ya magharibi mwa Kenya ilikuwa chini ya utawala wa Uganda. Mumias, mji wa Nabongo Mumia, palikuwa kituo cha maafisa wa Uganda. Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulienea hadi Bonde la Ufa, karibu na Naivasha. Msafiri aliyetoka Mombasa mwaka 1900 akaja kwetu alikuwa ameingia Uganda siku nyingi kabla ya kuuona Mto Sio.

Reli ndiyo iliyobadilisha mambo. Ilipofika ziwani, mahali paitwapo Kisumu leo, mwezi wa Desemba 1901, Waingereza waliona ni heri njia yote iwe chini ya serikali moja. Tarehe 1 Aprili 1902 Mkoa wa Mashariki ukakatwa kutoka Uganda na kuunganishwa na himaya ya Afrika Mashariki, ile iliyokuja kuitwa Kenya. Hakuna aliyehama. Mtu alilala Uganda akaamkia upande wa pili akiwa katika kitanda kilekile, na huenda habari hazikumfikia mpaka alipokuja kudaiwa kodi ya nyumba na afisa mwingine.

Mpaka mpya ukafuata maji. Kutoka Ziwa Victoria uliingia mdomo wa Mto Sio, ukapanda nao, kisha kupitia vijito na nchi kavu ukaushika Mto Malaba na kuelekea Mlima Elgon. Kwa mchoraji aliye ofisini, mto ni mpaka mzuri kwa kuwa unaonekana kwenye karatasi. Kwa wakazi, mto ni mahali pa kuteka maji, kunywesha ng'ombe, kuvua na kukutana. Wasamia walikuwa wakiishi kingo zote mbili za Sio. Wateso walikuwa pande zote mbili za Malaba. Mpaka ulipita katikati ya mazungumzo yao.

Mwaka 1926 Uganda ilimegwa tena. Mkoa wa Rudolf, ambao sehemu yake kubwa ndiyo Turkana tunayoijua, ukahamishiwa Kenya. Nalitaja hili kwa sababu ya lugha. Kiteso na Kiturkana ni ndugu, na Kikaramojong cha Uganda ni ndugu yao wa tatu. Mtoto wa Malaba anapofungua ramani ya Kenya huiona Turkana mbali sana juu, pembeni, kama nchi ya watu wengine kabisa. Hakuna anayemwambia kwamba huko kuna watu ambao maneno yao yanafanana na ya nyanya yake, wala kwamba Turkana na Malaba ziliingia Kenya kupitia mlango mmoja, wa Uganda.

Sasa tuyatazame majina yenyewe ya maeneo, maana hapa Kiswahili kina mengi ya kutufunza.

Wilaya ni neno lililotoka Kiarabu, lenye maana ya mamlaka au utawala, na hadi leo Oman inalitumia kwa sehemu zake za utawala. Jimbo lilitumiwa Tanganyika ya Waingereza kwa eneo kubwa lenye wilaya kadhaa ndani yake, kabla ya neno mkoa kushika nafasi hiyo. Siku hizi Mtanzania akisema jimbo, mara nyingi ana maana ya eneo la uchaguzi la mbunge, lile ambalo sisi Kenya huliita eneo bunge. Lakini kwetu Kenya jimbo lina kovu. Katiba ya Uhuru ya 1963 iliigawa nchi katika majimbo yenye mabunge yake, jambo lililopiganiwa na KADU na kupingwa na KANU, na kufikia mwisho wa 1964 mpango huo ulikuwa umezikwa. Tangu hapo neno majimbo likawa si neno la ramani tena. Likawa neno la siasa, na katika miaka ya 1990 likawa neno la kuwatisha waliohamia kwa wenzao. Ndiyo sababu Katiba ya 2010 ilipoleta ugatuzi, watu wengi walipokea kaunti, neno geni lisilo na kumbukumbu, kuliko kulifufua jimbo. Wanahabari nao wakajaribu gatuzi, kutokana na kitenzi kugatua, na baadhi yetu tunalipenda. Kule sokoni lakini, watu husema kaunti.

Ajabu ni kwamba neno hilo geni kwetu halikuwa geni hatua chache tu kutoka hapa. Waganda walilitumia zamani, ila kwa maana nyingine. Kwao wilaya ndiyo kubwa, na kaunti ni sehemu ndani ya wilaya, ile ambayo Waganda wa Buganda huiita ssaza. Kwetu kaunti ndiyo kubwa, na ndani yake kuna kaunti ndogo na wadi. Kwa hiyo watoto wawili wa Busia, mmoja wa huku na mmoja wa kule, wakikutana wakaulizana "Kaunti yako ni ipi?" watajibizana kwa vipimo viwili tofauti. Wa Kenya atataja eneo la watu karibu laki tisa. Wa Uganda atataja Samia-Bugwe, sehemu tu ya wilaya yake. Wote wawili wako sahihi, na wasipofunzwa kila mmoja atamwona mwenzake hajui kitu.

Kuna majina mengine ya zamani kuliko wilaya na kaunti, na hayo hayakuhitaji mkoloni. Tazama Bunyala, Bukhayo, Bugwe, Buganda. Kiambishi bu- katika lugha hizi hufanya kazi ileile inayofanywa na u- katika Kiswahili: Unyamwezi, Ugogo. Bunyala ni nchi ya Wanyala, Bukhayo ya Wakhayo. Hata jina Uganda ni Buganda lililotamkwa Kiswahili, na wasafiri wa pwani ndio waliolieneza. Nalo khu- la Khunyangu ni ndugu wa ku- ya Kiswahili, ile inayoonyesha mahali, kama katika "huku" na "kule". Mtoto wa darasa la nne akifunzwa viambishi hivi viwili, bu- na khu-, ataweza kuisoma nusu ya ramani ya kwao bila kukariri. Atagundua pia kwamba majina hayo yanatandaa pande zote mbili za mpaka bila kujali nembo ya taifa.

Kukhu yangu mimi, mama yake baba, aliishi chini ya majina mengi bila kuhama shamba. Alizaliwa eneo likiitwa Kavirondo Kaskazini. Akawa mke na mama katika Nyanza Kaskazini. Kabla ya Uhuru kukawa na wilaya ya Elgon Nyanza, iliyokuja kugawanywa na kuzaa Bungoma na Busia. Mwaka 1963 tukatolewa Nyanza tukaingia Magharibi. Ndugu zetu Wateso wakaishi Wilaya ya Busia, katikati ya miaka ya 1990 wakapata Wilaya ya Teso, na baada ya Katiba ya 2010 wakarudishwa Busia, kwa sababu kaunti 47 zilifuata wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992. Mtoto aliyesoma Amagoro mwaka 1990, mdogo wake aliyesoma hapohapo mwaka 2000, na mtoto wa mdogo huyo anayesoma leo hawakufunzwa jibu moja kwa swali moja: Unatoka wilaya gani? Bila historia, majibu hayo yanaonekana kama makosa. Yakiwekwa pamoja na historia, ni somo zuri ajabu kuhusu jinsi serikali zinavyofikiri.

Kutoka kwa majina twende kwa hesabu za watu.

Kukhu hakuwa akikubali kutaja idadi ya watoto wake. Ukimuuliza, angesema, "Wapo wa kutosha chungu." Alikuwa na imani ya wazee wengi wa Afrika Mashariki kwamba kuhesabu watu, na hata ng'ombe, ni kualika kifo. Tulimcheka. Nilipokua na kuisoma historia ya kodi, nikaona hofu ile ilikuwa na mguu wa pili. Kabla ya 1948, mwaka wa sensa ya kwanza kamili ya Kenya, serikali ya kikoloni ilikadiria idadi ya watu kwa kuhesabu vibanda vilivyotozwa kodi, kisha ikazidisha. Aliyekuja kuhesabu ndiye aliyekuja kudai, na wakati mwingine ndiye aliyekuja kuchukua vijana wa kufanya kazi. Mtu mwenye akili angempa mgeni kama huyo jibu lisilo na tarakimu.

Leo hesabu ina maana nyingine. Baada ya kaunti kuanza mwaka 2013, kanuni ya kwanza ya kugawa fedha ilizipa takwimu za watu uzito wa asilimia 45. Asiyehesabiwa hupunguza zahanati ya jirani yake. Hilo ndilo linalopaswa kusemwa darasani kabla ya kukaririsha tarakimu yoyote.

Hebu tuzichukue sasa tarakimu zenyewe, tuone zinavyoweza kusema. Sensa ya 2019 iliipa Busia watu 893,681. Teso Kusini walikuwa 168,116, Matayos 142,408, Butula kwetu 140,334, Teso Kaskazini 138,034, Nambale 111,636, Samia 107,176, na Bunyala 85,977. Mtoto akizikariri zote, atazisahau wiki ya pili baada ya mtihani. Mwache achukue ile 297,841 niliyokariri mimi mwaka 1986, aizidishe kwa tatu. Atapata 893,523. Upungufu ni watu 158 tu. Katika miaka 40, kati ya 1979 na 2019, watu wa Busia wameongezeka mara tatu, karibu barabara kabisa, na ardhi ni ileile, kama kilomita 1,700 za mraba. Sasa muulize: shamba la babu yako limegawanywa mara ngapi? Hapo utaona mtoto ameacha kutazama dirishani, kwa kuwa jibu analijua. Analiona kila asubuhi katika ua wa michongoma uliosogezwa, na katika ugomvi wa baba zake wadogo.

Mchukulie tena Turkana. Mwaka 2019 ilikuwa na watu 926,976, wachache tu kuliko elfu thelathini na nne zaidi ya Busia. Lakini ardhi yake ni kubwa mara arobaini hivi. Busia kila kilomita ya mraba ina zaidi ya watu 500, Turkana ni wapatao 14. Kaunti mbili zenye karibu idadi moja ya watu, na maisha mawili yasiyofanana: huku mtu anagombania mstari wa miwa, kule anatembea siku nzima kutafuta maji. Somo zima la mvua, udongo, mifugo na uhamaji limo katika ulinganisho huo mmoja. Hakuna haja ya kukariri kaunti 47.

Tena mtoto aelezwe kwamba tarakimu ni picha ya usiku mmoja. Sensa ile iliwahesabu watu pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti 2019. Dereva wa lori aliyelala Malaba akisubiri kuvuka alihesabiwa Malaba, hata kama kwake ni Mombasa. Mama wa Busia aliyelala kwa dada yake Uganda usiku ule hakulala Kenya, basi. Kwetu mpakani hilo si jambo la kinadharia.

Majina ya makabila nayo yana historia yake. Senge wangu na baba yangu walizaliwa na mama mmoja. Kenya humhesabu baba kuwa Mluhya, kisha tawi lake. Uganda haikumjua senge kwa jina la Mluhya, kwa kuwa jina hilo la pamoja lilishika nguvu upande wa Kenya, katika miaka ya 1930 na 1940, pale wasomi na vyama vya Kavirondo Kaskazini walipotafuta sauti moja ya kuzungumza na serikali. Kule ng'ambo Wasamia walibaki Wasamia na Wagwe wakabaki Wagwe, na Katiba ya Uganda inawataja kila mmoja kwa jina lake. Hata nambari ya kabila, basi, inategemea upande wa mto uliolala.

Nikishasema haya, najua msomaji mmoja atanyanyua mkono. Atasema: "Bwana, ukiwafunza watoto kwamba mpaka ulisogezwa, huoni unawafunza kudai nchi za watu?" Hoja hiyo ni nzito, tena ina ushahidi. Mwezi Februari 1976 Idi Amin alitumia historia hiihii, ya Mkoa wa Mashariki wa Uganda, kudai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya ilikuwa ya Uganda. Wakenya waliandamana kwa hasira, na kwetu mpakani watu wazima walizungumza kwa sauti ya chini kwa muda mrefu. Labda yule mwalimu wa kalamu nyekundu aliyakumbuka hayo. Miaka kumi haikuwa mingi.

Lakini tuwaze. Amin hakushindwa kwa sababu watoto wetu hawakujua habari za 1902. Wasiojua ndio wanaodanganyika kwa urahisi, maana akija mtu na nusu ya ukweli hawana nusu ya pili ya kumjibu. Nusu ya pili ni hii: viongozi wa Afrika walikutana Cairo mwezi Julai 1964 wakakubaliana kuiheshimu mipaka waliyoikuta siku ya Uhuru. Walijua imechorwa vibaya. Waliona pia kwamba kuanza kuifuta moja ni kuanza kuifuta yote, na damu haitakauka. Mtoto akifunzwa yote mawili, kwamba mstari haukutoka kwa Mungu na kwamba tumekubaliana kuuheshimu, anakuwa raia mwenye kuelewa. Akifunzwa moja tu anakuwa ama mchochezi ama kasuku.

Tena kuna hasara ya kutofunza, na nimeiona nyumbani mwetu. Binamu yangu mmoja alipokwenda kuomba kitambulisho, katika ofisi ambayo sitaitaja, aliulizwa maswali ya ramani: taja mito ya kwenu, taja lokesheni zinazopakana na yenu, nani alikuwa chifu kabla ya huyu, mbona una shangazi Uganda. La mwisho lilimfunga ulimi. Shuleni alikuwa amefunzwa kwamba nyumba ya shangazi haimo kwenye ramani, hivyo akaona kumtaja ni kukiri kosa. Akasita, na kusita kukahesabiwa kuwa uongo. Alizungushwa miezi mingi. Angekuwa amefunzwa kusema kwa utulivu, "Mpaka ulituchanja mwaka 1902, mimi nikabaki Kenya, senge akaolewa Uganda," nadhani angetoka na karatasi yake siku ileile.

Nirudi kwa neno ng'ambo nililolitumia hapo juu. Kiswahili cha pwani kilisema ng'ambo kwa upande wa pili wa maji, kisha likapanuka likawa Ulaya na Marekani. Kijana wa Nairobi akisema kakake yuko ng'ambo, tunafikiria ndege. Kwetu Busia, ng'ambo unaiona huku ukikaanga samaki. Na ni kwa ajili ya kwenda ng'ambo hiyo ndipo neno jingine lilipozaliwa. Kati ya kizuizi cha Kenya na cha Uganda kulikuwa na kipande cha njia, na vijana wenye baiskeli wakawa wanabeba abiria na mizigo yao huku wakiita kwa sauti neno la Kiingereza la mpaka, kama lilivyotamkwa kwetu: boda, boda! Leo bodaboda iko Dar es Salaam, Kampala, Kigali na Nairobi, na kila mtoto wa Afrika Mashariki analijua neno hilo. Wachache wanajua kwamba ni somo la jiografia lililotungwa na maskini wa Busia. Na tangu Februari 2018, marais wa nchi mbili walipokizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Busia, msafiri hukaguliwa mara moja tu badala ya mbili. Wenye baiskeli walijua mapema kwamba pande zile mbili ni njia moja.

Mtaala wa sasa bado unafuata viduara vilevile: Gredi ya Nne kaunti, ya Tano Kenya, ya Sita nchi za Mashariki ya Afrika. Siupingi. Mtoto wa Nyeri au Makueni huenda unamfaa hivyo ulivyo. Ninachoomba ni mwalimu wa mpakani, wa Busia, Malaba, Lwakhakha, Namanga, Taveta au Moyale, apewe ruhusa ya kuvuka kiduara kimoja mapema. Kila jina la eneo aliandikie mwaka lilipoanza. Kila idadi aiandikie mwaka ilipohesabiwa na iliyotangulia, ili mtoto aone mwendo. Awatume watoto wakawaulize wazee majina ambayo shamba lao limewahi kuitwa na serikali. Mambo haya hayahitaji tarakilishi wala fedha za mradi. Yanahitaji wazee, na wazee wanapungua.

Tulimaliza ramani ile usiku, mimi na mpwa wangu, kwa taa ya sola. Magharibi aliandika UGANDA kwa herufi kubwa, kama inavyotakiwa, na mpaka akaukoleza kwa rangi nyekundu. Halafu, nje ya mstari huo, akachora nyumba ndogo yenye mlango, na kutoka Khunyangu akaivutia njia ya vitone.

"Mwalimu akiuliza?" nikamjaribu.

"Nitamwambia Busia ni ya Kenya," akasema, "na kukhu ni wetu."